Maswali Kwanza, Kuchapa Baadaye

Katika saiba moja mjini Ruiru kuna dada anayeandikia watu wasifukazi na barua za kuomba kazi. Ningependa kila kijana wa huku Thika Road aketi karibu naye hata nusu saa. Dada huyu haanzi kwa kuchapa. Anamgeukia mteja na kumuuliza amefanya kazi gani.

"Sijawahi kuajiriwa. Nilikuwa tu nasaidia mamangu dukani."

"Nani alikuwa anafungua asubuhi?"

"Mimi."

"Na bidhaa zikiisha?"

"Naenda Thika kuleta."

"Daftari la madeni?"

"Hilo pia ni langu, tangu nimalize kidato cha nne, 2022."

Hapo ndipo anaposogelea kibodi. Kuagiza bidhaa, kuweka hesabu za kila siku, kufuatilia wateja wa mkopo, 2022 hadi sasa. Hakuna alichotia chumvi. Kijana anasoma mistari hiyo mara mbili, kana kwamba inamhusu mtu mwingine.

Shuleni tulifunzwa umbo: anwani mbili, tarehe, KUH iliyopigiwa mstari, wako mwaminifu. Umbo hilo linafaa, na dada hulifuata. Lakini barua ya mtihani huomba kazi ya kubuni, ilhali barua hii inaelekea kiwandani, Bidco, Del Monte au Devki, kwa mtu mwenye rundo zima mezani. Ndiyo maana hufuta bila huruma: dini, idadi ya ndugu, kupenda sinema, matokeo ya darasa la nane kwa mwenye diploma. Barua haivuki ukurasa mmoja.

Nilimwona akimhudumia fundi umeme aliyesomea Thika Technical. Tangazo lilitaka mtu wa kutunza mitambo zamu ya usiku. Barua aliyokuja nayo ilisema yeye ni mchapakazi, mwaminifu na mwepesi wa kujifunza. Dada aliiweka kando, akauliza kuhusu mafunzo yake ya kiwandani. Ilikuwa mota gani? Iliharibika vipi? Nani aligundua? Ikatoka aya moja kuhusu beringi iliyokuwa ikipata moto usiku, na jinsi alivyoitambua kwa sauti kabla mtambo haujasimama. Kwangu mimi, aya hiyo inazidi sifa zote alizokuwa amejimiminia.

Kabla ya kuandika majina ya warejelewa, alimtaka awapigie simu palepale kuomba ruhusa. Anwani ya barua pepe yenye jina la utani ilibadilishwa. PIN ya KRA na cheti cha tabia njema cha DCI vikakaguliwa. Kibarua cha siku hupatikana getini alfajiri bila karatasi, ni kweli, lakini anayetafuta mkataba atadaiwa hizo zote.

Mteja akirudi na tangazo jipya, dada humpisha kiti. Anamfungulia faili iliyohifadhiwa kwa jina lake kamili, anamwachia kibodi, kisha anaendelea kumuuliza hadi aya ya pili ikamilike.