Hamu ya Kale na Fani: Mvuto wa Michezo ya Video ya Zamani Loresho na Ujirani Wake

Imezoeleka kudaiwa kwamba mtu mzima anayerudia mchezo wa video wa zamani haupendi mchezo wenyewe, bali anaulilia utoto wake. Dai hili lina chembe ya ukweli, lakini linampunguzia mhakiki wajibu wa kuutazama mchezo. Makala haya yanalichunguza kwa kuzingatia Loresho na ujirani wake, magharibi mwa Nairobi, na yanashikilia kwamba hamu ya kale huweza kueleza kwa nini mchezaji hurudi. Haiwezi kueleza kwa nini hukaa.

Dhana yenyewe ina historia. Johannes Hofer, tabibu wa Uswisi, aliipa jina mwaka 1688 kwa kuunganisha maneno ya Kiyunani yenye maana ya kurejea nyumbani na uchungu. Kwake yalikuwa maradhi. Baadaye dhana ilihama kutoka mahali hadi wakati, ila dalili ya ugonjwa haikuitoka: anayesemekana kuwa na hamu ya kale huonewa huruma, hasikilizwi hoja zake.

Loresho, mtaa wa wenye nafasi, unapakana upande wa kusini na Kangemi, mtaa wa msongamano na kipato kidogo. Katika mitaa ya aina ya kwanza, mtoto aliweza kuwa na mashine ya michezo sebuleni kwao. Katika mitaa ya aina ya pili, mwenzake aliijua kwenye kibanda, alikolipia mechi na kungoja zamu kati ya watazamaji. Wawili hawa wakikutana ukubwani juu ya mchezo uleule wa kandanda, mmoja hukumbuka nyumbani na mwingine foleni. Iwapo kumbukumbu ndiyo chanzo cha mapenzi, mbona vyanzo vilivyo mbali hivyo vizae pendo moja?

Aidha, uzamani wenyewe una utata. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani mwaka 2000, na utengenezaji wake ukakoma mwanzoni mwa 2013. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006, vibanda vingi vya Nairobi viliendelea kuitegemea ile iliyotangulia, kwa kuwa bei yake iliafikiwa na mifuko ya wenyewe. Kilichokwisha kuitwa cha zamani Tokyo kilikuwa riziki ya kila siku Nairobi. Uzamani, basi, si sifa iliyomo ndani ya mchezo. Ni uhusiano wa mchezo na soko.

Hoja nzito zaidi ni ya uteuzi. Simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na michezo minne: Snake II, Space Impact, Pairs II na Bantumi. Yote iliishi katika simu moja, ikachezwa na vidole vilevile, katika miaka ileile. Kama kumbukumbu ingetosha, yote ingependwa sawasawa. Lakini simu hiyo ilipofufuliwa kibiashara mwaka 2017, ni mchezo wa nyoka uliotangazwa na kushangiliwa. Bantumi ulikuwa wa jamii ya bao, hivyo ungetarajiwa kuwa na kumbukumbu ndefu kuliko yote Afrika Mashariki. Hata hivyo, kwa mjuzi wa bao la Kiswahili, lenye safu 4, mashimo 32 na kete 64, ule wa safu mbili ulikuwa kivuli tu. Mbegu zilikuwepo, fani ilipungua.

Mchezo wa nyoka, kwa upande wake, una fani iliyokamilika. Nyoka hula, hurefuka, na hufa akijigonga. Kinachompa ushindi ndicho kinachomjengea kifo, kwani kila tonge humpunguzia nafasi ya kupita. Hiyo ni kejeli ya tanzia katika kanuni chache, na haihitaji mchezaji awe alizaliwa kabla ya 2000 ili aihisi.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili wanalifahamu suala hili kwa sura nyingine. Katika mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, watetezi wa vina na mizani, waliofuata kanuni zilizoelezwa na Amri Abedi mwaka 1954, walishutumiwa kuwa mateka wa jana, hasa baada ya Kezilahabi kuchapisha Kichomi mwaka 1974. Shutuma hiyo haikugusa swali la msingi. Mwanafunzi anayevutiwa na Muyaka hana Mombasa ya karne ya 19 ya kuililia. Anavutiwa na namna ubeti unavyobana wazo hadi likatoa cheche.

Huenda ikajibiwa kwamba mtu aweza kutamani wakati asioujua, kwa hamu ya kuazima. Ni kweli, lakini hamu hiyo haina kumbukumbu ya kuitegemea, hivyo ni lazima iamshwe na kitu kilichomo katika mchezo au shairi. Fani hutangulia, hamu hufuata.

Suala hili si dogo kwa idara zinazoamua kitakachofundishwa. Kama mapenzi ya kazi kongwe ni kumbukumbu tu, basi kila utenzi utazikwa pamoja na kizazi kilichoukariri, na kuufundisha ni kurefusha matanga. Lakini kama fani ndiyo inayoshika, mhakiki ana kazi ya kufanya: aeleze, kwa kazi moja baada ya nyingine, ni nini kinachomkalisha msomaji ambaye hakuwepo.