Picha Ubavuni mwa Kabati: Uhakiki wa Sanaa ya Mashine za Michezo Zinazoundwa Nyumbani

Katika idara zetu neno "uhakiki" limezoea kuandamana na riwaya, tamthilia na ushairi. Katika makala haya tunalipeleka kwenye kitu ambacho wengi wangekiita cha watoto, yaani picha zinazopamba makabati ya michezo ya video: yale marefu yenye skrini, kijiti cha kuongozea na vitufe, ambayo zamani yalikuwa yakimeza sarafu katika kumbi za Marekani na Japani. Siku hizi wapo wanaoyaunda wenyewe nyumbani. Tangu Nicola Salmoria wa Italia alipotoa programu ya MAME mwaka 1997, kompyuta ya kawaida iliweza kuendesha michezo ya mashine hizo, na fundi mwenye plaiwudi na subira akaweza kuwa na kabati moja lenye mamia ya michezo. Mbao zikishakatwa na nyaya kuungwa, hubaki swali ambalo ni la kihakiki kuliko la kifundi: kabati hili lichorwe nini?

Tuanze na kazi za awali. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Skrini yake ya awali ilikuwa nyeusi na nyeupe, na rangi zilitokana na vipande vya plastiki angavu vilivyowekwa mbele yake. Wavamizi wenyewe walikuwa vijidude vya nukta chache, mfano wa pweza na kaa. Hata hivyo, kabati lililouzwa Marekani na kampuni ya Midway lilichorwa ubavuni dubwana lenye manyoya ambalo haliko popote ndani ya mchezo. Je, mchoraji alidanganya? Sisi hatuoni hivyo. Skrini ya wakati ule iliweza kutoa vitendo tu. Wahusika, mandhari na taharuki ilibidi vitoke kwingine, navyo vilitoka ubavuni. Mchezaji aliyekwisha kulitazama dubwana lile alipogeukia kijidudu cha nukta chache alikuwa tayari na hofu yake.

Pac-Man wa mwaka 1980 anathibitisha hoja hiyo kwa njia ya upole zaidi. Katika mchezo huu wa Namco, uliobuniwa na Toru Iwatani, mhusika mkuu ni duara la njano lililokatwa kipande. Basi. Midway walipolitengeneza kabati la Marekani walilipaka njano, wakamchora mhusika akiwa na macho na miguu iliyovaa viatu. Ile miguu ndiyo iliyomfanya kuwa mtu. Tungekuwa darasani tungesema kwamba mchoro ulimpa mhusika bapa sifa za mhusika duara, ingawa huyu alikuwa duara tangu mwanzo!

Inafaa pia tuangalie fani yake. Picha nyingi za zamani zilipakwa kwa stensili, au kuchapwa kwa kitambaa kilichotandazwa kwenye fremu, rangi moja kwa fremu moja. Kila rangi iliyoongezwa iliongeza gharama. Kwa hiyo mchoraji alitumia rangi chache zilizokolea, mistari minene na maumbo yanayotambulika kwa mbali. Ufinyu huo ulizaa mtindo, kama mizani na vina vinavyombana mshairi hadi atafute neno lililo bora.

Muundaji wa leo hana kizuizi hicho. Hufungua programu ya kuchorea katika kompyuta, huipeleka kazi kwa wachapaji wa mabango, na hurudi na stika yenye rangi zote za dunia. Hapo ndipo kasoro kubwa ya sanaa hii mpya inapoanzia. Kwa kuwa kabati lake lina mamia ya michezo, hujaza ubavuni kila mhusika anayempenda: mpiganaji karibu na sokwe, sokwe juu ya gari, gari ndani ya mlipuko. Matokeo yake ni orodha tu. Jicho halina pa kutua, na hakuna anayemtenda mwenzake jambo lolote. Aidha, wahusika hao huwa wameokotwa katika intaneti wakiwa wadogo. Picha yenye urefu wa pikseli 1,200 ikinyooshwa katika ubavu wa sentimita 180 hubakiwa na nukta 17 hivi kwa kila inchi, na ukungu wake huonekana hata na asiyejua kuchora. Ndiyo maana wajuzi huchora kwa programu za vekta, mathalani Inkscape, ambazo mstari wake haupotezi ukali unapokuzwa.

Wengine hukimbilia kunakili kabati la kale jinsi lilivyokuwa. Tunaheshimu kazi hiyo pale inapohifadhi mchezo wenyewe. Lakini vazi la Pac-Man juu ya mashine yenye michezo mamia ni uongo halisi kuliko lile dubwana la Midway. Dubwana lilikuza kilichokuwa ndani. Vazi hili linakificha.

Kuna kielelezo kingine ambacho waundaji wengi hukipita bila kukitazama. Mwaka 1990 kampuni ya SNK ilikuja na mashine za Neo Geo ambazo kabati moja lingeweza kubeba michezo kadhaa. Katika makabati yake mekundu, mwili ulibeba jina la mashine, na vibango vidogo vya michezo iliyomo vikapangwa juu kwa safu. Mchezo ukibadilishwa, kibango hubadilishwa, na kabati hubaki na sura yake.

Kwa mtazamo wetu, kabati lisomwe kama tusomavyo kanga, ambayo ina pindo, mji na jina, na kila sehemu ina kazi yake. Bango la juu lenye taa ndilo jina: humwita aliye mbali. Ubavu ni wa mpita njia, kwa maana anayecheza hauoni kabisa. Fremu inayozunguka skrini ni pindo, nayo yafaa iwe nyeusi na kimya, kwani kila pambo hapo hupigana na mchezo. Paneli ya vitufe hufunikwa na viganja, na tumewahi kuona sura nzuri ya mhusika iliyotobolewa kitufe katikati ya pua.

Ushauri wetu kwa anayeunda ni kwamba alipe kabati lake jina lake mwenyewe, kisha achague tukio moja na rangi chache zinazoendana na jina hilo. Asisahau kwamba skrini ya kompyuta hutoa mwanga ilhali wino huufyonza. Rangi ya kijani iliyomeremeta mezani huweza kurudi imefifia. Kwenye bango la juu rangi nyepesi hupauka zaidi taa inapowashwa nyuma yake, hivyo herufi nyeupe juu ya rangi iliyokolea husomeka vizuri. Kabla ya kulipia stika, alichape jina hilo kwenye karatasi ya kawaida, alibandike mahali pake, kisha alitazame akiwa mlangoni, upande wa pili wa chumba.