Kumtenga Ndugu na Kumtafuta

Katika sharika zetu za Mbulu na Hanang iko desturi tuliyoizoea tangu utoto, hata hatuiulizi tena. Mkristo akionekana kukosa, ameoa mke wa pili, au amekwenda kwa mganga, au amezama katika pombe, wazee huketi, shauri hukatwa, na jina lake husomwa mbele ya watu siku ya Jumapili. Tangu siku hiyo hakaribishwi Mezani pa Bwana. Akitaka kurudi kundini, sharti aje mwenyewe, aungame, apokewe.

Hatusemi kwamba desturi hii ni mbaya. Kanisa lisilomwambia mtu kosa lake halimpendi. Twasema tu kwamba imekatwa vipande viwili, na kipande cha kwanza kimetupwa.

Tazameni Mathayo 18. Wengi twaijua aya ya 17, ihusuyo mtu asiyelisikiliza kanisa. Lakini aya ya 15 yamtaka aliyekosewa aende kwa mwenzake kwa siri. Ya 16 yamtaka arudi na mmoja au wawili. Ndipo jambo lifike kanisani. Sisi twaanza mwisho. Habari husikika kisimani na kilabuni, kisha katika baraza la wazee, na mwenye kosa huwa wa mwisho kuambiwa. Tena kabla ya hayo, aya ya 12 hata 14, Bwana alikwisha kutoa mfano wa kondoo mmoja kati ya mia. Mambo hayo mawili ni somo moja: akemeaye ndiye atafutaye. Hata aliyehesabiwa kuwa kama mtoza ushuru hakufungiwa mlango, maana Mathayo mwenyewe aliitwa akiwa mtoza ushuru.

Wako watakaosema kwamba kutenga ni jambo la wazee wetu, na watu wanalielewa. Ni kweli, Wairaqw walikuwa na kutenga kwao kuitwako metimani. Aliyefikiwa na unajisi, kama ule wa kufiwa, alikaa mbali, wala hakuingia nyumba ya jirani. Ilikuwa desturi nzito, nasi hatutamani irudi. Unajisi si dhambi, na mfiwa hakukosa neno. Lakini metimani ilikuwa na mwisho wake. Muda ukitimia, mtu alirudi kwa watu. Je, ndugu aliyetengwa miaka kumi kijijini kwetu aijua siku yake? Nani amemwambia?

Hapo ndipo penye hatari. Aliyetengwa asipotembelewa huona haya, kisha huzoea, kisha husema kanisa ni la watu wengine. Watoto wake hukua nje ya mlango. Akifa, jamaa zake huhangaika kwa habari ya mazishi, nasi twasikitika, lakini tumechelewa. Wala si kwamba hatujui kutafuta. Tarehe 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipoushukia mji wa Katesh na vijiji vya karibu, likaua watu zaidi ya 80, walio hai hawakungoja waliofukiwa waje wenyewe. Walikwenda kuwachimbua.

Basi, shauri letu ni hili. Kila anapotengwa mtu, wazee wataje papo hapo watu wawili watakaokwenda kwake kila mwezi, si kumpeleleza, bali kula naye, kuomba naye na kumwambia kweli bila kuificha. Wawe watu wanaokubali kuulizwa juu ya mwenendo wao wenyewe, kwa kuwa Wagalatia 6:1 yamwonya amrudishaye mwenzake kwamba naye aweza kuanguka. Na njia ya kurudi ijulikane tangu mwanzo. Paulo aliwaamuru Wakorintho kumtoa mkosaji. Lakini katika waraka wa pili, mlango wa 2, awasihi wamsamehe mtu aliyekwisha kuadhibiwa, huzuni isije ikamzidi nguvu.

Wazee wa sharika, majina ya waliotengwa mnayo. Yasomeni tena juma hili, si mbele ya watu, bali ninyi kwa ninyi, mkahesabu ni wangapi waliotembelewa tangu mwaka uanze.