Michoro ya Vita ya Käthe Kollwitz

Katika michoro saba ya vita ambayo Käthe Kollwitz wa Ujerumani aliichonga katika mbao na kuipiga chapa mnamo miaka ya 1922 na 1923, hamna mzinga, hamna bendera, wala adui haonekani. Mwenye mazoea ya picha za vita hana budi kushangaa. Walioonyeshwa ni wazazi, wajane, akina mama, na vijana waliojitolea.

Mwezi wa Agosti 1914, Peter, mwana wa mchoraji huyu, alikuwa na umri wa miaka 18, naye alitaka kwenda vitani kwa hiari yake. Ridhaa ya baba ilihitajiwa. Baba alikataa, mama ndiye aliyemwombea mwanawe hata akaruhusiwa. Oktoba ya mwaka ule ule Peter aliuawa Ubelgiji. Basi mtu anayelaumu uzalendo katika michoro hii hakuwa mtazamaji wa kando. Aliuamini, akautolea mwana.

Jambo hili ladhihirika zaidi katika mchoro uitwao “Waliojitolea”. Mauti yametangulia yakipiga ngoma, na vijana wayafuata vinywa wazi, karibu na wazimu wa furaha. Aliye karibu zaidi na Mauti ni Peter mwenyewe. (Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kuwa ngoma yaweza kuita watu arusini na yaweza kuwaita kwenye msiba.) Juu yao limepindwa tao la nuru. Wako wanaoliona tao hilo kuwa ni mabaki ya heshima ya zamani kwa mashujaa, na hawakukosea sana. Lakini hapo ndipo ilipo nguvu ya kazi hii. George Grosz aliwadhihaki majemadari na matajiri, na dhihaka yake ni kali. Kollwitz hakuweza kuwadhihaki vijana hawa, maana mmoja alikuwa wake. Alichokilaumu ni wito, si walioitikia.

Kwanza alijaribu njia nyingine za kuchapa, asiridhike. Mwaka wa 1920 aliona michoro ya mbao ya Ernst Barlach, akaishika njia hiyo. Ubao hauna huruma: palipochongwa huwa peupe, palipoachwa huwa peusi. Katika “Wazazi”, mume na mke wamepiga magoti, wameshikana hata wamekuwa donge moja jeusi la huzuni, na mume ameuficha uso kwa mkono. Katika “Dhabihu”, mama amemwinua mtoto mchanga, na haijulikani kama anamtoa au anamzuia. Mchoro wa mwisho, “Watu”, ni dhaifu kuliko hii. Nyuso ni nyingi, na kila moja yadai kusikilizwa.

Oktoba 1918, mshairi Richard Dehmel alipotaka watu wajitolee tena, Kollwitz alimjibu gazetini, akisema kwamba waliokufa walitosha. Hata hivyo vita havikukoma kumfuata. Katika mchoro wake wa chapa ya jiwe aliomaliza mwaka wa 1942, mama amewafunika wavulana kwa mikono yake mizito, nao wanachungulia kwa hamu ya kutoka. Septemba ya mwaka huo mjukuu wake, ambaye naye aliitwa Peter, aliuawa Urusi.