Msimbo Si Spea: Kasoro za Ushauri Maarufu Kuhusu Mvuke wa Petroli

Taa ya injini ikiwaka kwenye pikapu ya petroli huko Marekani, na kifaa cha kusomea kompyuta ya gari kikaonyesha P0442, ushauri utakaosikia mara nyingi ni mfupi: nunua mfuniko mpya wa tangi, futa msimbo, endelea na safari. Taa ikirudi, badilisha valvu. Ikirudi tena, badilisha kopo la mkaa. Leo tuukague ushauri huu kama tunavyokagua hoja yoyote ya kisayansi, maana unakula hela za watu, na kipande chake kimoja kinaweza kuunguza nyumba.

Kwanza tuupe haki yake. Mfuniko ni bei rahisi, kuukagua ni dakika moja, na kuna wakati kweli tatizo liko hapo: mpira wake umepasuka, au haukukazwa vizuri. Kuanza na kitu rahisi ni akili nzuri tu. Shida ni pale tunapodhani kwamba msimbo umeutaja mfuniko. Haujautaja.

Hebu tuone mfumo wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit wa Caltech alionyesha kwamba ukungu mchafu wa Los Angeles unatokana na mvuke wa mafuta na oksidi za nitrojeni zikipigwa na jua. Baadaye California ikataka magari ya mwaka 1970 yazuie mvuke unaotoka kwenye tangi, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya 1971. Kwa hiyo mvuke hauachwi upotee hewani, unapelekwa kwenye kopo lenye mkaa maalumu. Mkaa huo una vinyweleo vingi mno: gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Injini ikipata moto, valvu moja inafunguka na injini inauvuta mvuke na kuuchoma. Valvu ya pili, upande wa kopo, inaingiza hewa safi. Kumbuka hili: bila umeme, valvu ya injini huwa imefungwa, na valvu ya hewa huwa wazi. (Malori ya dizeli hayana mfumo huu, kwa sababu dizeli haigeuki mvuke kirahisi.)

Sasa, kompyuta inapimaje? Inafunga valvu zote mbili, halafu inaangalia kama mgandamizo ndani ya tangi unatulia au unapotea. Ukipotea kwa kasi kubwa, unapata P0455. Tundu la kama milimita 1 ni P0442, na la nusu milimita ni P0456, ambalo eneo lake ni robo tu ya lile la kwanza. Yaani msimbo ni matokeo ya jaribio moja: nimefunga, hewa imetoroka. Imetorokea wapi, hausemi. Mfuniko, mpira uliochanika, shingo ya tangi iliyoliwa na kutu, valvu isiyofunga: zote zinatoa jibu lile lile. Nadharia ni nne, data ni moja. Kununua spea hapo ni kubahatisha.

Kasoro ya pili ni kufuta msimbo kisha kuchukulia ukimya kama ushahidi. Jaribio hili halifanyiki kila safari. Pikapu nyingi zinataka mafuta yasiwe machache sana wala tangi lisiwe limejaa, kwa kawaida kati ya asilimia 15 na 85, na injini iwashwe ikiwa baridi. Taa nayo kwa kawaida husubiri jaribio lishindwe mara mbili mfululizo. Siku tatu bila taa hazijathibitisha kitu. Tena ukifuta, unafuta na kumbukumbu za majaribio, hivyo kwenye ukaguzi gari linaonekana halijajipima. Ushahidi ni huu: kifaa kionyeshe kwamba jaribio la mvuke limekamilika, na msimbo haujarudi.

Kasoro ya tatu ndiyo ya hatari: mashine ya moshi ya kujitengenezea, yaani kopo, mafuta ya watoto, waya unaowaka mwekundu, na kompresa. Wazo ni sahihi, maana moshi unaonyesha tundu lilipo. Lakini mvuke wa petroli unashika moto ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi kwa kawaida mvuke umezidi kiwango hicho. Wewe unapuliza hewa, unausogeza kwenye kiwango cha kulipuka, na upande wa pili wa mpira kuna waya wa moto. Isitoshe, kazi hii inataka mgandamizo chini ya psi 1, wakati kompresa ya matairi inapita 30 bila shida. Hatua hii mlipe fundi mwenye mashine halali.

Nyumbani kuna vipimo bora. Angalia mfuniko na shingo ya tangi kwa macho. Kisha, injini ikiwa imezimwa, chomoa plagi ya umeme ya valvu ya injini na mpira unaotoka kwenye kopo, halafu washa na uweke kidole penye tundu la valvu. Ukisikia inavuta, imeshindwa kufunga. Gari kusumbua kuwaka mara tu baada ya kujaza mafuta ni dalili ya ugonjwa huohuo. Valvu ya hewa, ambayo kwenye pikapu nyingi iko nyuma chini ya bodi inakopigwa na vumbi na matope, itoe na uipime mbali na tangi: bila umeme ipitishe hewa, ukiipa volti 12 ifunge.

Kila kipimo hapa kinaondoa nadharia moja kabla hujatoa hata senti. Ushauri maarufu unaanza mahali sahihi, halafu unaacha kuuliza. Na ukishapona, acha kuongeza petroli baada ya pampu kujikata: ile ya ziada inaweza kuingia kwenye mkaa na kuuharibu.