Mizani na Wizani: Suala la Kupima Nyimbo za Abagusii

Uhakiki wa ushairi wa Kiswahili umezoea kuanza na hesabu. Mhakiki huugawa mshororo katika ukwapi na utao, akahesabu mizani 8 upande huu na 8 upande ule, kisha akatazama vina. Kanuni hizo, ambazo Amri Abedi alizifafanua katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954), zina msingi imara katika lugha yenyewe. Tatizo huzuka pale kipimo hicho kinapochukuliwa kuwa kipimo cha ushairi wote wa Kibantu. Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa kuzitazama nyimbo za Abagusii wa Kisii na Nyamira, ambazo zikipimwa kwa mizani peke yake huweza kudhaniwa kuwa hazina arudhi.

Yafaa kwanza tukumbuke msingi wa mizani. Katika Kiswahili, irabu mbili zikifuatana, kama katika neno kaa, huhesabiwa mizani 2. Na nazali isimamayo peke yake, kama m katika mtu, huhesabiwa mizani 1. Hivyo silabi zote zina uzito sawa katika hesabu. Mti, mtu na mwana, kila neno ni mizani 2.

Ekegusii haiko hivyo. Hiyo ni lugha ya toni, nayo hutofautisha irabu fupi na irabu ndefu. Aidha, irabu hurefuka inapotangulia nazali iliyoungana na konsonanti, na hurefuka pia irabu iliyo mbele yake inapogeuka kuwa kiyeyusho. Tuchukue maneno yenye asili moja na yale matatu ya Kiswahili: omote, omonto na omwana. Kila moja lina silabi 3. Lakini tukipima kwa mora, yaani kwa muda, ambapo irabu fupi ni mora 1 na irabu ndefu ni mora 2, omote lina mora 3, ilhali omonto na omwana yana mora 4 kila moja, kwani hutamkwa omoonto na omwaana. Mwenye kuhesabu silabi ataona maneno matatu yaliyo sawa. Mwenye kusikiliza atasikia moja fupi na mawili marefu. Kwa mantiki hiyo hiyo, mistari miwili yaweza kutofautiana kwa silabi na bado ikalingana kwa muda. Mhakiki wa mizani atasema mtunzi amepotoka, kumbe kipimo ndicho kilichopotoka.

Maandishi huzidisha kosa hili. Tahajia ya kawaida ya Ekegusii hutumia herufi 5 kwa irabu 7, wala haionyeshi toni. Wimbo ulioandikwa kwa imla na kukabidhiwa mhakiki umekwisha kupoteza sehemu ya wizani wake kabla hajauona.

Tena, si wizani wote umo katika maneno. Obokano, ala ya nyuzi 8 yenye sauti nzito, hupigwa na mwimbaji mwenyewe huku akiimba. Mstari unaoonekana mfupi katika karatasi huenda si pungufu: nafasi iliyobaki imejazwa na nyuzi. Katika esimbore, wimbo wa kumsindikiza kijana nyumbani baada ya kutahiriwa, hatua za wasindikizaji huwa pigo, na kiitikio hugawa muda baina ya mmoja na wengi.

Huenda ikapingwa kwamba huo ni muziki wala si ushairi, na kwamba lahani yaweza kurefusha silabi yoyote ipendayo. Pingamizi hili lina uzito, lakini dawa yake si kurudi kwenye mizani. Mtafiti na aandike wimbo mara mbili: kwanza kama maneno yanavyosemwa, akionyesha urefu na toni, kisha kama yanavyoimbwa, akionyesha mapigo na vituo. Pale urefu wa usemi na urefu wa uimbaji unapokubaliana, lugha imeuongoza wimbo. Pale unapoachana, wimbo umeilazimisha lugha, na hapo pana jambo la kuhakikiwa.

Somo hili lina faida hata kwa Kiswahili. Tutunge vipande viwili vya mfano: "Mama kaja juzi hapa" na "Mwalimu wetu hodari". Vyote vina mizani 8. Lakini mkazo katika cha kwanza uko katika silabi ya 1, 3, 5 na 7. Katika cha pili uko katika ya 2, 4 na 7. Mizani ni ile ile, wizani ni mbalimbali. Mabishano ya miaka ya 1970 juu ya vina na mizani, yaliyowashughulisha Mulokozi na Kahigi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979), mara nyingi yaliuliza kama hesabu ni ya lazima. Swali la kile ambacho hesabu haisikii lilipata nafasi ndogo. Na Amri Abedi mwenyewe, mtetezi wa kanuni, alishikilia kwamba shairi sharti liimbike.

Kwa hiyo anayekusanya nyimbo za Kisii na Nyamira, akapunguza neno hapa na kuongeza neno pale ili mistari itimie 8 kwa 8, hazitengenezi nyimbo hizo. Anaziondolea arudhi yake, kisha anawaachia wasomaji ushahidi kwamba hazikuwa nayo.