Kusoma Udongo Mwekundu wa Mathira

Mji wa Nyeri ulianza kama boma la Waingereza mwishoni mwa 1902, na wengi wakiisimulia historia yake huanzia hapo. Lakini upande wa Mathira, mahali paitwapo Gatung'ang'a, watu walikuwa wakiishi karne ya 12 hadi ya 14 hivi. Tunalijua hilo kwa sababu mwanaakiolojia wa Kifini, Ari Siiriäinen, alichimba pale, na mwaka 1971 akaichapisha kazi yake katika jarida la Azania. Alitaka pia kujua habari za Gumba, wale watu wafupi ambao wazee wa Kikuyu husimulia kwamba waliishi kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini.

Uchimbaji wa nchi hii ya mlima unahitaji jicho kali kuliko ule wa magofu ya pwani. Gedi ina kuta za mawe. Hata asiye na ujuzi anaziona. Huku juu nyumba za kale zilikuwa za miti na nyasi, nazo zimeoza. Udongo wenyewe una asidi, unakula hata mifupa. Kinachosalia ni vigae, mkaa, na mavi ya chuma palipokuwa na mfua chuma.

Basi jembe huwekwa kando. Mchimbaji hupiga vigingi, akafunga kamba, akapata miraba, kisha hupiga magoti na kuukwangua udongo kwa mwiko mdogo, tabaka kwa tabaka. Akimaliza kukwangua hunyunyiza maji kidogo ili rangi zijitokeze. Duara jeusi kidogo, laini kuliko udongo ulio pembeni, huenda ni tundu la nguzo iliyooza zamani. Halifukuliwi lote kwa pupa. Hukatwa nusu, likachorwa na kupigwa picha, ndipo nusu ya pili iondolewe. Kwa ustadi huohuo mwanaakiolojia Mark Horton, alipochimba Shanga kisiwani Pate miaka ya 1980, alitambua chini ya msikiti wa mawe alama za misikiti ya miti iliyoutangulia, ya zamani kufikia karne ya 8. Mkono mzito ungezifuta, na tabaka likishaondolewa halirudi.

Mkaa nao una masharti yake. Kaboni-14 iliyomo hupungua nusu kila miaka 5,730, na kwa kipimo hicho umri wake hukadiriwa. Ila mkulima yeyote wa Nyeri anamjua fuko. Njia yake moja inaweza kushusha mkaa wa juzi katikati ya vigae vya kale, kwa hiyo mchimbaji huchunguza kwanza kama tabaka limetobolewa na fuko au mizizi kabla ya kuokota chochote cha kupimwa.

Kazi ninayoistahi kuliko zote hufanyika mezani. Kigae cha mdomo wa chungu, hata kiwe kipana kama vidole viwili tu, hulazwa juu ya karatasi yenye maduara ya vipimo mpaka mpindo wake ulingane na mojawapo. Hapo upana wa mdomo wa chungu kizima unajulikana. Kisha kigae huchorwa kana kwamba kimekatwa, unene wake uonekane, na nakshi zichorwe mstari kwa mstari. Ni kwa ulinganisho wa namna hiyo vyungu vya Gatung'ang'a viliweza kuhusishwa na vile vya Kwale, vya karne nyingi kabla, ambavyo mwanaakiolojia Robert Soper alivichapisha mwaka 1967.